Kulinda akili wakati wa tiba ya homa ya ini aina ya C: mwongozo kwa mgonjwa na kwa anayemwuguza

Mtu anayeanza tiba ya homa ya ini aina ya C huandaliwa vya kutosha kwa mambo ya mwili. Huambiwa kwamba kichwa kinaweza kumuuma, kwamba atachoka, na kwamba kichefuchefu kikimjia asishtuke. Mambo ya akili hutajwa kwa haraka, na pengine hayatajwi kabisa, kisha mgonjwa hurudi kwake Nyalenda, Mbale au Njoro, na wiki ya tatu ikifika anajikuta yuko macho saa nane za usiku, au amewafokea watoto kwa jambo dogo, au machozi yanamtoka akiwa anaosha vyombo na hajui sababu. Hapo ndipo wengine huamua kimyakimya kuacha dawa. Mwongozo huu unawaandikia hao pamoja na watu wa nyumbani mwao, na msimamo wake ni kwamba mabadiliko ya akili katika kipindi cha tiba yana vyanzo vingi, dawa ikiwa kimoja tu kati yake, na kila chanzo kina wakati wake wa kuanza na njia yake ya kutibiwa. Anayeweza kusema tatizo lake lilianza lini, na lilifuatana na nini, amekwisha kumsaidia daktari sana.

Hatua ya kwanza: Jua ni dawa gani unayomeza

Watu wengi huiruka hatua hii, na hofu nyingi huanzia hapo. Kwa miaka mingi, hadi dawa mpya zilipoanza kuidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2013, tiba ya kawaida ilikuwa sindano ya interferoni kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini vya kila siku, kwa wiki 24 au 48 kulingana na aina ya kirusi. Interferoni ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa unapopambana na virusi, na ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya mtu mwenye mafua makali ajisikie mnyonge na asitake kuzungumza na mtu. Ikidungwa kwa wingi na kwa miezi mfululizo, hupunguza triptofani mwilini, yaani kiini ambacho ubongo hukitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza hisia. Kati ya wagonjwa kumi waliotibiwa hivyo, wawili hadi wanne walipata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengine walikosa usingizi na kuwa wakali, na wachache walifikia kuwaza kujiua au kurukwa na akili. Simulizi za kutisha ambazo jirani au binamu atakueleza kuhusu tiba ya ugonjwa huu zinatoka zaidi katika enzi hiyo.

Dawa za sasa ni nyingine kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wazima wote wenye ugonjwa huu watibiwe kwa vidonge vinavyokishambulia kirusi chenyewe, kama vile sofosbuviri pamoja na daklatasviri, au sofosbuviri pamoja na velpatasviri. Humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida kwa wiki 12, na kati ya wagonjwa 100 zaidi ya 95 hupona. Athari zake za kawaida ni kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Sonona imewahi kuripotiwa kwa baadhi ya watumiaji, lakini si jambo la kawaida. Tofauti huja pale daktari anapoongeza ribavirini, jambo ambalo bado hufanywa kwa baadhi ya wagonjwa ambao ini lao limeharibika sana: ribavirini huvunja chembe nyekundu za damu, na mtu ambaye damu yake imepungua huchoka, huhema haraka, hukereka na hushindwa kutuliza mawazo mahali pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka kliniki siku ya kwanza, nakili jina la kila dawa herufi kwa herufi kutoka kwenye chupa, uandike na kiasi chake na saa utakayomeza. Mtu akikuambia kwamba dawa hizo zinaharibu akili, muulize kwa upole ni dawa ipi anayoizungumzia.

Hatua ya pili: Andika hali ya akili yako kabla ya kidonge cha kwanza

Kirusi chenyewe huchosha na huleta ukungu wa mawazo, na wengi wenye ugonjwa huu huwa na huzuni ya muda mrefu hata kabla ya kuona dawa. Ongeza juu yake habari ya kupimwa na kukutwa nao, hofu ya saratani ya ini, na hesabu ya nauli na vipimo. Ikiwa hukuandika popote jinsi ulivyokuwa, utakapofika wiki ya nne kila kitu kitaonekana kuwa kimeletwa na vidonge.

Daftari la shule la kawaida linatosha. Kwa siku saba hivi kabla ya kuanza, andika kila jioni mambo manne: saa uliyolala na saa uliyoamka, jinsi ulivyokula, kama uligombana na mtu, na kama kulikuwa na jambo lolote lililokufurahisha siku hiyo. Ukisha kuanza dawa, endelea vivyo hivyo, uongeze saa uliyomeza kidonge.

Mama mmoja muuza omena wa Dunga aliandika yake kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni, chini ya majina ya wateja. Mistari yake ilikuwa mifupi: "Jumatatu. Nimelala saa tano, nimeamka saa tisa, sikupata usingizi tena. Jumanne. Vivyo hivyo. Wateja wamenisalimu, sikutaka kuongea." Mwezi mmoja baada ya kuanza tiba, wifi yake alishikilia kwamba vidonge vinamharibu kichwa na kwamba viachwe mara moja. Walipokwenda kliniki na daftari lile, afisa wa kliniki alirudisha kurasa nyuma na kuona kwamba ile saa tisa ya usiku ilikuwepo kabla ya kidonge cha kwanza, pamoja na ule unyamavu wake. Alitibiwa sonona kama ugonjwa unaojitegemea, na vidonge vya ini vikaendelea bila kukatizwa. Bila kurasa zile, nadhani neno la wifi ndilo lingesimama.

Hatua ya tatu: Taja kila unachotumia, hata unachokionea aibu

Hakuna hatua yenye uzito kuliko hii, kwa sababu mengi yanayosemwa kuwa madhara ya dawa hutokana na vitu viwili kukutana ndani ya mwili bila daktari kujua.

Anza na historia yako. Kama umewahi kuugua sonona, kulazwa kwa ugonjwa wa akili au kujaribu kujiua, sema. Zamani jambo hilo lingeweza kukunyima tiba, kwa sababu interferoni ilikuwa hatari kwako. Kwa vidonge vya sasa halikunyimi, bali linafanya ufuatiliwe kwa karibu zaidi. Vivyo hivyo, taja dawa za akili unazotumia sasa na usiziache ili kuupisha ugonjwa wa ini.

Dawa za kifafa zinahitaji tahadhari kubwa. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitali huisukuma sofosbuviri nje ya mwili kabla haijafanya kazi yake, na rifampisini ya kifua kikuu hufanya vilevile. Jibu si wewe kuacha dawa ya kifafa, kwa maana degedege linalofuata linaweza kuua. Jibu ni daktari kukubadilishia dawa kwanza, ndipo tiba ya ini ianze. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ataje majina yake pia. Efavirenzi hujulikana kwa kuleta ndoto kali na huzuni, tena haipatani na velpatasviri, na ikitumiwa pamoja na daklatasviri hulazimu kiasi cha daklatasviri kuongezwa. Dolutegraviri hupatana vizuri na vidonge hivi, ila huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi kuihamishia asubuhi kunamaliza tatizo. Dawa ya moyo iitwayo amiodaroni, dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli, pamoja na mitishamba ya aina yoyote, vyote vitajwe.

Anayetumia methadoni, dawa wanayopewa wanaoachana na heroini, asiwe na wasiwasi kwamba tiba ya ini itaikatiza. Zinakwenda pamoja, na kupunguza methadoni kwa kujihisi kwamba unausaidia mwili kutakuletea mahangaiko, jasho na mikesha ambayo utaisingizia vidonge visivyo na kosa.

Halafu kuna pombe, na hapa sina budi kukaa kidogo. Katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya, chang'aa na busaa ni sehemu ya maisha ya kila siku, na mgonjwa mwenye nia njema husikia kwamba ini lake ni bovu, akaapa siku ileile kwamba hataonja tena. Nia hiyo ni ya kupongezwa, lakini mwili uliozoea pombe nyingi kila siku hauruhusu kukatwa ghafla. Ndani ya siku moja au mbili mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka mtu, usingizi hupotea, na degedege linaweza kumpata. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huona na kusikia visivyokuwepo na hawajui walipo. Mtu wa namna hiyo akiwa ameanza vidonge wiki hiyohiyo, jamii yote itaapa kwamba ni vidonge, ilhali ni pombe iliyoondoka, na hali hiyo inaweza kumuua asipopelekwa hospitali. Basi sema kweli unakunywa kiasi gani kwa siku, ili upunguziwe chini ya uangalizi. Kunywa pombe si sababu ya kunyimwa tiba. Kwa ushauri kuhusu pombe na dawa za kulevya unaweza kupiga simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192, bila malipo. Miraa na muguka nazo zitajwe, kwani zinakesha na mtu na kumwongezea wasiwasi.

Mambo mengine matatu yanahusu vipimo. Homa ya ini aina ya B ipimwe kabla ya kuanza, kwa sababu inaweza kuamka wakati aina ya C inapotibiwa. Katika maeneo ya Ziwa Viktoria, ambako selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) imeenea, mwenye ugonjwa huo au aliye na ndugu wa damu mwenye nao aseme kabla ya kupewa ribavirini, kwa kuwa dawa hiyo haimfai mwenye selimundu. Na mwenye kisukari ajipime sukari mara nyingi zaidi, maana kirusi kinapotoweka sukari inaweza kushuka kuliko alivyozoea, na sukari iliyoshuka huja kwa sura ya hofu: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika.

Hatua ya nne: Chagua mtu mmoja wa kukuangalia

Aliyebadilika tabia ni wa mwisho kuliona badiliko hilo. Chagua mtu mmoja anayekaa nawe au anayekuona karibu kila siku, mweleze unatibiwa nini, mpe nambari ya kliniki, na umpe ruhusa, ukiwa bado mtulivu, ya kupiga simu hata siku utakapomkataza. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Si lazima awe mume au mke, kwani wakati mwingine dada, jirani wa muda mrefu au mhudumu wa afya ya jamii hufaa zaidi.

Si lazima ukoo mzima ujue. Hata hivyo, habari zikivuja zitakuja na maelezo yake, na katika nyumba nyingi za Waluo mtu anayekonda na kujitenga ataambiwa ana chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Usibishane na mzee kuhusu imani yake. Inatosha kusema, "Mama, maneno yako nimeyasikia na nayaheshimu. Daktari amenipa dawa za wiki kumi na mbili, naomba uniache nizimalize kwanza, kisha tukae tuongee." Akiuliza kama utawaambukiza watoto, mweleze kwamba ugonjwa huu hupita katika damu, hivyo wembe, mswaki na sindano visichangiwe, lakini sahani, kikombe, kukumbatiana na ugali wa sinia moja havina kosa lolote. Wagonjwa wengi hutengewa vyombo nyumbani, na kutengwa huko huwaumiza akili kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Hatua ya tano: Tengeneza usingizi kwanza

Panga usingizi kabla ya kushughulikia kitu kingine, kwa sababu hasira, wasiwasi na machozi mengi hupungua mtu akilala siku tatu mfululizo. Muulize daktari kama unaweza kumeza kidonge chako asubuhi. Kama unatumia ribavirini mara mbili kwa siku, uliza iwapo ile ya jioni inaweza kumezwa mapema, pamoja na chakula cha saa kumi na mbili, badala ya kungoja wakati wa kulala. Chai ya majani na kahawa ziishie saa nane mchana. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usilale mchana zaidi ya nusu saa. Ukiwa kitandani na usingizi umekataa kwa muda mrefu, toka, kaa kwenye kiti gizani au penye mwanga hafifu, bila simu mkononi, urudi kitandani macho yakiwa mazito.

Usinunue dawa ya usingizi dukani kwa kujichagulia. Diazepamu na nyingine za jamii yake, pamoja na zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, zinaweza kumvuruga kabisa akili mtu ambaye ini lake lina kovu kubwa, na huenda wewe mwenyewe hujaambiwa ukubwa wa kovu lako.

Kuna dalili moja ya usingizi isiyofaa kutibiwa kwa ushauri wa kulala. Mtu akianza kulala mchana kutwa na kuwa macho usiku kucha, huku akisahau mambo ya jana, usingizi wake umegeuka kichwa chini, na hilo linaweza kuwa ini kushindwa kusafisha sumu zinazopanda hadi kwenye ubongo. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya nane.

Hatua ya sita: Ipe hasira nafasi ya kupita

Hasira ya kipindi hiki huja ghafla na kuondoka haraka, ikiacha aibu nyuma yake. Waambie wa nyumbani mapema kwamba inaweza kuja, na mkubaliane neno moja la kusema utakapoona inapanda, kisha utoke utembee hadi barabarani na kurudi. Maamuzi makubwa, kama kuuza shamba, kuacha kazi au kuvunja ndoa, yasifanywe ndani ya wiki za tiba kama yanaweza kungoja. Mwendesha boda boda au dereva wa matatu anayeona kwamba subira yake barabarani imekwisha apumzike siku hiyo, kwani hatari hapo si yake peke yake. Na kama hasira imeambatana na kuhema haraka, kizunguzungu na viganja vilivyopauka, hasa kwa anayetumia ribavirini, omba damu ipimwe kabla ya kuomba ushauri nasaha.

Hatua ya saba: Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili itibiwe

Siku mbaya ni siku mbaya, na kila mgonjwa anazo. Kipimo kinachotumika kliniki ni hiki: katika wiki mbili zilizopita, je, zaidi ya nusu ya siku umejisikia mwenye huzuni au aliyekata tamaa, au umekosa hamu na furaha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo mawili, nenda ukaonwe, na uende na daftari.

Mweleze mhudumu kwa maneno yako ya kawaida. Watu wetu wengi hawasemi "nina huzuni", husema kifua kinabana, mwili hauna nguvu, au wana mawazo mengi, kisha wanapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo ongeza sentensi moja iliyo wazi: "Natibiwa homa ya ini, na tangu tarehe fulani akili yangu haiko sawa." Tarehe ndiyo itakayomfanya mhudumu asimamishe kalamu na kusikiliza. Hospitali kubwa za rufaa, kama ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Kaunti ya Nakuru na ya Moi mjini Eldoret, zina huduma za afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Uliza siku ya kliniki kabla ya kulipa nauli.

Sonona isiyo kali hupungua kwa mazungumzo na mshauri nasaha, kwa kutembea kila siku, na kwa kurudia polepole kazi ndogo zilizoachwa, kama kwaya, chama au bustani ya sukuma. Iliyo kali huhitaji dawa, na nyingi ya dawa za sonona zinaweza kutumiwa pamoja na vidonge vya sasa vya ini. Jambo la kujua ni kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na kwamba wasiwasi unaweza kuzidi kidogo katika siku za mwanzo. Ukiona nafuu, usiache. Kwa kawaida huendelezwa angalau miezi sita baada ya mtu kupona sonona, kisha hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Dawa za aina ya amitriptilini huleta usingizi na kufunga choo, na kwa mwenye kovu kubwa la ini choo kufunga ni hatari, kwa hiyo mkumbushe anayekuandikia kwamba una ugonjwa wa ini.

Hatua ya nane: Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Mgonjwa akichanganyikiwa, asipojua siku wala mahali, akizungumza maneno yasiyounganika, akisinzia katikati ya mazungumzo, au akinyoosha mikono mbele na viganja vikawa vinapigapiga bila kutaka, apelekwe hospitali usiku huohuo. Kwa mwenye kovu la ini huenda ni sumu zimefika kwenye ubongo, hali inayochochewa na kufunga choo, kutokwa damu tumboni, maambukizi au dawa za usingizi, na ambayo hutibika, mara nyingi kwa dawa ya kulainisha choo iitwayo laktulosi na kwa kuondoa kilichoichochea. Ukiwa eneo la ziwa, homa pamoja na kuchanganyikiwa ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Usiihesabu kuwa athari ya vidonge. Mwenye kisukari apimwe sukari papo hapo. Aliyeacha pombe wiki hiyo, lisemwe hilo mlangoni kabla hata ya jina lake.

Mgonjwa akisema kwamba heri afe, au kwamba familia ingepumua bila yeye, msikilize. Kumuuliza waziwazi, "Je, unawaza kujiua?", hakumpandii wazo hilo, huwa ni mara ya kwanza kwake kuweza kulisema. Asiachwe peke yake. Dawa zote za nyumbani na kemikali za shambani zitolewe nje ya boma, zikae kwa mtu mwingine. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo kwa msaada wa kisaikolojia, na hospitali yoyote yenye huduma ya dharura inapaswa kumpokea. Familia nyingi zilikuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke mgonjwa wako hospitali.

Hatua ya tisa: Usiache vidonge kwa uamuzi wako

Tiba iliyokatizwa inaweza kukipa kirusi nafasi ya kurudi, na kinachorudi huenda kikawa kigumu zaidi kutibu. Akili ikikusumbua, piga simu kwanza ukiwa bado unameza. Mara nyingi kinachobadilishwa ni kitu kingine: saa ya kumeza, kiasi cha ribavirini, dawa ya kando, au kuongezwa kwa matibabu ya sonona. Yapo mazingira machache ambapo daktari husimamisha tiba, lakini hufanya hivyo akiwa ameona vipimo. Ukisahau dozi moja, usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Uliza kliniki, na uandike kwenye daftari kwamba ilisahaulika.

Hatua ya kumi: Wiki baada ya kidonge cha mwisho

Watu hutarajia furaha siku dawa zinapokwisha, na badala yake baadhi yao hupata utupu. Ratiba iliyowashika kwa miezi mitatu imeondoka, wahudumu hawapigi simu tena, na matokeo bado yanangojwa, kwa maana kipimo cha kuthibitisha kupona hufanywa wiki 12 baada ya dozi ya mwisho. Endelea kuandika katika kipindi hicho, na mtu wako wa kukuangalia asiondoke kazini. Aliyetumia ribavirini akumbuke pia kwamba yeye na mwenzake wanapaswa kuendelea kuzuia mimba kwa miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa muda watakaoambiwa na daktari, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mtoto aliye tumboni, na jambo hilo huleta msongo ndani ya ndoa lisipozungumzwa mapema. Uchovu na ukungu wa mawazo hupungua kwa wengi baada ya kirusi kuondoka, lakini kwa miezi, wala si kwa wote. Mwenye kovu kubwa la ini huendelea kupimwa saratani kila baada ya miezi sita hata akiwa amepona kirusi, na heri alijue hilo mapema kuliko kulichukulia kama ishara kwamba amedanganywa.

Matokeo yakitoka na kirusi hakionekani, omba nakala ya karatasi hiyo uihifadhi pamoja na kitambulisho chako. Kipimo cha haraka cha kidole, kile kinachotumiwa kwenye kambi za afya, hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya kirusi, na kingamwili hubaki ndani ya damu kwa miaka mingi baada ya mtu kupona. Wapo waliopimwa hivyo mwaka mmoja baadaye, wakasomewa kwamba wana ugonjwa, na wakarudi nyumbani wamevunjika moyo kabisa. Ukisomewa hivyo, toa karatasi yako na uombe kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho ndicho kitakachosema kama umeambukizwa upya au la.